Zulia Lililokatwa Miguu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifuma zulia la kutundika ukutani kwa miezi mitano, chumbani kwetu Uthiru. Lilimwonyesha mama yangu akianua nguo, mvua ikianza. Mgongo uliniuma hata nikilala. Nikalipeleka mjini kwa Mhindi mmoja mpole, mwenye duka la sanaa.

“Zuri sana, dada,” akasema. “Lakini mteja wangu wa Loresho anataka fupi, litoshe juu ya kochi. Tukate hapa chini?”

Hapo ndipo ilipokuwa miguu ya mama.

“Nipe mkasi.” Nilikuwa nimechoka kubishana. Nikakata mwenyewe, nikafunga nyuzi moja moja zisifumuke. Yeye aligeukia dirishani.

Kipande kile cha miguu nilikipeleka nyumbani. Mama alikitandika kitini, akakikalia bila kuuliza.