Viktor Kafa Istanbul, Kaonekana Lisbon

Saa tatu asubuhi, Soweto jijini Mbeya, baridi haijaondoka bado. Andendekisye Mwasongwe ameketi barazani kwake, koti zito mwilini, soksi jozi mbili miguuni. Kwa kalamu ya wino anamtorosha jambazi mmoja kupitia paa la benki huko Zurich. Jambazi hajafika hata kwenye bomba la maji, simu inaita.

Anaitazama namba. Haijui. Anaguna, anapokea.

"Ndiyo, ni mimi mwenyewe... Ndiyo, nimekiandika mimi... Viktor?" Anafumba macho. "Ndugu yangu, kwani wewe unaonaje?"

Anasikiliza dakika nzima, anashukuru, anakata. Anamgeukia mwandishi wa makala hii kwa uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Huyo ni wa nne tangu juzi. Yuko Makambako. Anataka kujua Viktor alikufa au hakufa. Na mimi sijui nimjibu nini. Kweli kabisa, sijui."

Makubwa haya! Mtunzi anaulizwa habari za mtu aliyemtunga mwenyewe, naye anashika tama.

Andendekisye, mwenye miaka hamsini na minne, ameandika riwaya saba za uhalifu wa kimataifa na kuzichapisha kwa gharama zake. Ameua watu Marseille, ameiba almasi Antwerp, amelipua boti Macau. Pasipoti hana. Mbali alikowahi kufika ni Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma, tena alifuata sukari. Mitaa ya Ulaya anaihesabu kwenye ramani ya simu, na mengine anayachukua hapahapa nyumbani.

"Baridi ya Istanbul ni ya Uyole mwezi wa sita," anasema. "Sijaongeza hata kidogo."

Kitabu kimoja anakiuza shilingi elfu saba. Mwezi wa kawaida huuza thelathini, na hapo ametembea mpaka kisigino kimeisha. Kinacholisha nyumba ni viazi, na mkewe Gloria hachoki kumkumbusha. "Huyo mpelelezi wake anakunywa mvinyo Paris kwa jasho la viazi vyangu," anasema mama huyo, akicheka kutokea jikoni.

Sasa huyu Viktor ni nani? Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa, na mzizi wake ni tabia ya utotoni.

Kama wengi wa rika lake, Andendekisye alisoma kwa daftari moja masomo mawili: mbele Historia, ukiligeuza kichwa chini, nyuma Jiografia. Tabia hiyo hakuiacha. Mwaka juzi alikuwa akiandika riwaya mbili kwa mpigo katika kaunta buku moja. Asubuhi aliandika upande wa mbele habari za Istanbul, mchana akageuza na kuandika za Lisbon. Ya Lisbon ilikuwa fupi, ikaishia humo humo. Ya Istanbul ikanoga, ikavuka na kumalizikia katika kaunta buku la pili.

Mpelelezi ni mmoja kote, Inspekta Ambokile. Na kwa kuwa majina ya kizungu yalikuwa yamemwishia, marehemu wa Istanbul na mfanyabiashara wa Lisbon wote akawaita Viktor. "Nilijua nitambadilisha mmoja baadaye," anasema. Hakumbadilisha.

Kaunta buku la kwanza alilituma kwa basi hadi Kihesa, Iringa, kwa Apolonia Kalinga, anayemchapia miswada yake yote. La pili lilikuwa lifuate wiki ileile. Kabla hajalituma, homa ya matumbo ikamlaza hospitali wiki tatu. Akiwa kitandani, akili ikipaa na kutua, Apolonia alimpigia simu kusema amemaliza, naye akajibu: peleka kiwandani wakachapishe.

Apolonia alikuwa amefanya nini? Alichapa Istanbul mpaka katikati, akakuta maandishi yamesimama kichwa chini, akaligeuza daftari, akaanzia jalada la pili na kuendelea na Lisbon mpaka palipoandikwa MWISHO.

"Ningejuaje, jamani?" anauliza mama huyo tulipomkuta Kihesa, baada ya kamwene, salamu za Kihehe, za kutosha na chai. "Nimeona MWISHO kwa mwandiko wake. Nilimlilia Viktor alipopigwa risasi pale darajani. Ukurasa wa mia na kumi na mbili namkuta Lisbon anaagiza kahawa! Nikapiga vigelegele peke yangu. Nikasema, kaka yangu safari hii kaandika kitu kikubwa."

Nakala mia sita zilitoka. Mwandishi hakuzisoma, maana nani anarudia kusoma chake mwenyewe? Aligundua pale msomaji mmoja wa Njombe alipompigia kumpongeza kwa "ufufuo wa Viktor". Alidhani anataniwa. Alipofungua kitabu, anasema, alikaa palepale juu ya gunia.

Lakini kitabu kilikuwa kimeshika moto. Riwaya zake za nyuma zilichukua mwaka kuisha. Hii iliisha kwa wiki saba. Muuza vitabu wa Iringa anadai nakala mia tano nyingine, na sehemu ya pili inayoeleza Viktor alivyopona.

Na hapo ndipo panapomuuma Andendekisye. Nusu ya kweli ya Istanbul, kurasa mia na arobaini za mkono, iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Humo imeandikwa nani alimuua Viktor, kwa nini, na namna mjane wake alivyosamehe.

"Sijawahi kuandika vizuri kama pale, na sidhani nitaweza tena," anasema. "Nikiitoa, Viktor amekufa na wasomaji watasema nimewatapeli. Nikinyamaza, kazi yangu bora italiwa na mchwa, huku nikisifiwa kwa makosa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"



Jumamosi iliyopita, siku chache baada ya mazungumzo hayo, aliamua kusema kweli, na akachagua wa kuanza naye: Marta, muuza mchele wa Igawa, pale mabasi yanaposimama. Marta amesoma kitabu hicho mara tatu. Kaka yake Rabson, dereva wa lori, alikwenda Lubumbashi miaka sita iliyopita. Ilikuja habari tu kwamba amekufa ajalini. Ndugu walikaa matanga bila kaburi.

Andendekisye alimweleza yote, amesimama katikati ya magunia: daftari, homa, majina mawili. Hakujitetea. Marta alimpimia mteja kilo tano, akafunga mfuko, akampa chenji. Kisha akamgeukia.

"Maiti uliiona?"

"Ya nani?"

"Ya Viktor."

"Dada Marta, nimekwambia, mtu huyo nimemtunga mimi."

"Nimekusikia, kaka. Nauliza, maiti uliiona? Umeandika kapigwa risasi, kaangukia majini, maji yakamchukua. Kuna mahali popote umeandika wamemtoa? Hata kwenye hilo daftari lako lingine?"

Andendekisye alifikiri. Alifikiri mpaka jasho likamtoka, Igawa kukiwa na joto lake. Mjane alisamehe, muuaji alifungwa, Inspekta alirudi nyumbani. Maiti haikuopolewa.

"Hakuna," akasema.

"Basi usimzike."

Marta akarudi kwenye mchele wake.

Tangu siku hiyo mwandishi amelifunga sanduku na kumkabidhi Gloria ufunguo. Zile kurasa mia na arobaini hazitachapishwa. "Zinaniuma kama mtoto niliyemnyima jina," anasema. Jambazi wa Zurich naye atasubiri juu ya paa.

Mpango wake ni kutoa sehemu ya pili kabla ya Pasaka. Namna mtu anavyopigwa risasi mbili, akamezwa na maji, kisha akaonekana Lisbon akinywa kahawa, mtunzi mwenyewe hana hata fununu, na halifichi hilo.

"Kwa sasa namtafuta tu," anasema. "Nikimpata, wa kwanza kupigiwa simu ni Marta."