Begi Lililobaki na Nafasi

Nibia Curbelo alimaliza kufunga begi lake kabla hata maji ya mate, ile chai chungu ya kwao, hayajapata moto. Akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akilitazama pale kitandani kama mtu aliyetoa salamu asijibiwe. Magauni mawili, suruali moja, sweta la upepo wa jioni, nguo ya kuogelea, kandambili, dawa ya presha. Basi. Alilibonyeza kwa kiganja, likabonyea. Nusu nzima ilikuwa hewa tupu.

Pale mjini Durazno watu walimjua kwa mkono wake wa kupanga. Maisha yake yote alikuwa akipiga pasi na kukunja nguo kwa dobi karibu na stesheni ya zamani ya treni, na shati likipita mikononi mwake lilitoka dogo kama kitabu cha sala. Hakuolewa. Aliishi chumba cha uani katika nyumba ya mdogo wake, Glenda, pamoja na shemeji yake Waldemar na mabinti wao wawili, Lourdes na Paola, waliomwita mama mkubwa. Kila Januari, joto likianza kulainisha lami, familia nzima ilikwenda baharini La Paloma. Siku ya safari, Nibia ndiye aliyekuwa jemadari.

"Asiguse mtu buti la gari mpaka niseme!" alikuwa akitangaza, angali na gauni la kulalia.

Fulana alizikunja mviringo, zikabanana kama chapati kwenye hotipoti. Soksi na chaja aliziingiza ndani ya viatu. Sukari, chumvi na majani ya mate vilikaa ndani ya sufuria ndogo, ndogo ikaingia ndani ya kubwa. Taulo nene alizikataa, akachukua nyembamba zinazokauka upesi. Kila mtu aliruhusiwa jozi mbili za viatu, na moja iwe miguuni.

Glenda naye hakukosa kutokea jikoni na kitu kakificha nyuma ya mgongo.

"Dada, na kikaango hiki je?"

"Kule hakuna vikaango?"

"Vipo, lakini si hiki."

"Basi utakikalia njia nzima. Humu hakiingii."

"Shemeji," Waldemar alidakia, akiwa ameshika mlango wa buti, "ukipata upenyo mtie na mama yangu."

"Mama yako nilishampima. Hakunjiki."

Mabinti walicheka mpaka wakashikwa na kwikwi. Kisha gari dogo liliondoka likiwa limeinama nyuma, na hapakuwa na kitu kilichosahaulika.

Halafu kiwanda cha nyama alikofanya kazi Waldemar kikapunguza watu. Binamu yake akamwita Hispania, Valencia, kwenye kazi ya ujenzi. Wakaamua kuhama wote mwezi Agosti, na nani mwingine angewafungia mizigo? Nibia alipiga magoti sebuleni akapanga. Alitia nguo za baridi na picha za ukutani, na midoli ambayo Paola alikuwa amekwisha kuizidi umri lakini hataki kuiacha. Moyoni aliomba vitu vigome. Aliomba zipu ikatae hata begi moja tu, wakae chini, waseme jamani haiwezekani. Lakini mikono yake haikujua kupanga vibaya. Kila kitu kiliingia.

Glenda alikaa sakafuni akayatazama mabegi yaliyojipanga ukutani.

"Dada, umetupakia kama watu wanaokwenda wiki mbili."

"Basi rudini baada ya wiki mbili," Nibia alisema. Alikusudia kuchekesha. Hakuna aliyecheka.

Tangu hapo nyumba ya mbele ilikuwa imefungwa, na Nibia alipita kando yake kwenda kazini bila kugeuza shingo. Krismasi ilipopita, Glenda akapiga simu.

"Nenda La Paloma, dada. Bahari haijahamia Hispania."

"Peke yangu nitafanya nini kule?"

"Utafanya tuliyokuwa tukifanya. Si utakaa tu?"

Ndiyo maana Nibia alikuwa kwenye kituo kikuu cha mabasi Montevideo, begi mapajani, katikati ya watu waliobeba miavuli, viti vya kukunja, mbwa na magodoro ya kupuliza. Mbele yake msichana aliyempakata mtoto mchanga alikuwa akigombana na mumewe. Mafurushi yao yalikuwa yametapanyika chini.

"Nilikwambia pampu ya nini?" msichana alifoka. "Hema lenyewe hatujui kulisimamisha!"

"Na wewe midoli yote hiyo, mtoto anakwenda kufungua duka?"

Kondakta aliwaangalia huku akitikisa kichwa. "Wapenzi, mnakwenda kupumzika au mnahama? Vilivyo wazi namna hiyo sipakii. Fungeni, la sivyo mtasubiri basi lijalo."

Nibia alijizuia kidogo. Kisha akainuka.

"Mwanangu, utaniruhusu?"

Alipiga magoti palepale. Nepi alizipanga zikasimama wima kuzunguka kuta za begi, katikati akashindilia nguo. Pampu aliiviringishia taulo, akaiingiza kwenye mfuko wa hema. Watu walikusanyika. Mwanamume mmoja alishika kidevu, akafuata kila mkunjo kama anayetazama mpira.

"Mama, wewe ni mchawi?" yule mume kijana aliuliza.

"Mimi napiga pasi tu. Niletee hizo blanketi."

Blanketi za mtoto na maziwa yake ya kopo havikupata mahali. Nibia akafungua begi lake mwenyewe, akavitia humo. Zipu ilifungwa kwa kubana na mlio mzito, na yeye akacheka kwa sauti, jambo ambalo hata yeye lilimshtua.

Ndani ya basi walikaa pamoja. Msichana aliitwa Yanina. Alilala mara tu walipotoka mjini, na mtoto akaishia mikononi mwa Nibia, akimlowesha kola kwa udenda. Nibia hakuthubutu kubadilisha mkono ingawa ulikuwa umekufa ganzi.

Walipofika Rocha, basi la kuwaunganisha akina Yanina kwenda Valizas lilikuwa tayari linapiga honi. Wakachomoa blanketi na makopo haraka haraka.

"Asante sana, mama! Mungu akulipe!"

Wakakimbia. Hawakuwahi kumuuliza jina. Nibia alifunga tena begi, likajikunja kwenye mapaja yake kama nguo iliyovuliwa.

Siku za mwanzo ufukweni zilikuwa ndefu. Kila alipomaliza kunywa na kujaza tena kibuyu cha mate, mkono wake ulikinyoosha upande wa kulia, ambako Glenda alikuwa akikaa kukipokea. Aliogelea karibu karibu tu, jicho kwenye vitu vyake, maana hapakuwa na wa kuvilinda. Mafuta ya jua alijipaka mahali mikono ilipofika. Aliwarekodia mabinti sauti ya mawimbi akaituma. Lourdes alijibu kwa kopakopa jekundu, bila neno.

Kisha ikanyesha mvua kutwa nzima. Mwenye nyumba ya wageni, Bi Ilda, mjane mwenye kifua kipana na sauti ya kuita kuku, alikuwa jikoni akikaanga mikate ya kunyunyizia sukari, kama ilivyo ada ya kwao siku za mvua. Nibia aliingia kuomba maji ya moto, amevaa gauni la mikanda myembamba lililoacha mgongo wazi.

"Ee mama wee! Nani kakuchora ramani mgongoni?"

"Jua. Mikono yangu haifiki huko."

"Na ulishindwa kuniita? Mimi hapa kazi yangu nini, kuhesabu mashuka? Kaa."

Alikata jani la shubiri dirishani, akalipasua, akaanza kumpaka ute wake wa baridi, polepole, toka mabegani hadi kiunoni. Nibia alifumba macho. Tangu kuagana na Glenda uwanja wa ndege hapakuwa na mtu mzima aliyemgusa.

"Inauma?" Bi Ilda aliuliza, maana aliona mabega yakitikisika.

"Hapana. Endelea tu."

Bi Ilda akaendelea, muda mrefu kuliko ulivyohitaji mgongo ule. Kisha akanawa mikono, akamsogezea sahani.

"Mwakani utakuja?"

"Nikijaliwa."

"Nikuwekee chumba kile kile cha nyuma? Kimya, husumbuliwi na mtu."

Nibia aliung'ata mkate, sukari ikamshika mdomoni.

"Hapana. Nipe cha huku mbele."

"Cha mbele? Huko kunakaa familia, mama! Watoto wanapiga mpira ukutani tangu asubuhi, hutapata usingizi."

"Hicho hicho," alisema Nibia, akanyoosha mkono kuchukua mkate mwingine.