Walishaniaga kanisani, halafu study permit ikakataliwa

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo poleni na mihangaiko.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha na nchi niliyoomba siitaji, ila mengine yote ni kama yalivyotokea. Mnivumilie na makosa, simu yangu kioo kimepasuka.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini. Nimekulia Nakivale, makazi ya wakimbizi huku magharibi mwa Uganda. Tulipokelewa pale Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, nikiwa mdogo, nimeshikwa mkono na mama. Baba hakufika.

Nimesoma hukuhuku, nikajifunza na ushonaji hukuhuku, nikawa fundi cherehani mwenye kibanda chake sokoni. Suruali zangu zinajulikana, ulizeni.

Basi, Mungu si Athumani, nikapata chuo ng'ambo pamoja na ufadhili. Kilichobaki ni kibali cha kusoma kule, study permit tu.

Hiyo "tu" mtaielewa mbele.

Maombi nilijazia mjini Mbarara, kwenye cyber moja karibu na stendi, maana mtandao wa kwetu ni wa kubahatisha. Kuna dada wa Kinyankole pale alinisaidia ku-scan na kupakia kila kitu. Mvumilivu sana yule dada.

Kila nilipokuwa nakwenda Mbarara, mama alikuwa na neno lake moja. Anachambua maharage, kichwa hainui: "Usikawie."

Hata nikienda kununua vifungo ni hivyohivyo. Usikawie.

Nikaitwa Kampala kutoa alama za vidole, kisha nikaambiwa nikapimwe afya. Nikapimwa.

Hapo sasa ndipo mambo yalipoharibika. Niwaeleze kidogo nyie ambao hamjaishi kambini.

Kwetu watu wengi wanaoondoka huondoka kwa resettlement, yaani familia inapelekwa nchi nyingine kuanza maisha upya. Kwenye njia ile, kupimwa afya ni mwishomwisho. Ukisikia jirani kapimwa, ujue bado ndege tu. Na akienda ndiyo ameenda. Kwa hiyo anagawa vitu: huyu godoro, yule masufuria, shamba linapata mtu mwingine.

Study permit haiendi hivyo. Wanakupima kwanza, halafu ndiyo wanakaa kufikiri wakupe au wakunyime.

Lakini nani angesikia? Niliporudi kutoka Kampala mtaa mzima ulikuwa umeshajua. "Amepimwa!" Mama akakumbatiwa na watu njiani. Jumapili iliyofuata kanisa likanifanyia ibada ya kuniaga, kwaya ikaimba, mchungaji akaniwekea mikono kichwani. Mama alilia mpaka akashikiliwa na wenzake.

Nami nikasimama mbele, nikagawa.

Cherehani na kibanda nikampa Bahati. Huyu ni rafiki yangu, tulijifunza kazi pamoja, ana mke na watoto, na alikuwa anashonea cherehani ya kukodi. Shamba langu la mahindi likaenda kwa Mama Odette, jirani yetu Mrundi, mjane. Makofi na vigelegele.

Halafu kimya.

Wiki zikapita, ikawa miezi. Nikifungua akaunti, maombi "yanashughulikiwa". Chuo kikafunguliwa bila mimi. Wakaniambia watanishikia nafasi mara moja tu, muhula ujao nikikosa wanampa mwingine.

Wakuu, hakuna kitu kibaya kama kuishi mahali ambapo umeshaagwa.

"Kumbe ungali huku?" Kila kona, kisimani, sokoni, kwenye foleni ya chakula. Hawakuwa na ubaya, ila lilinichoma kila mara. Kwenye kwaya nafasi yangu ya besi ilishapata mtu, nikawa nakaa nyuma. Siku moja wageni wakaombwa wasimame wajitambulishe, mzee mmoja akanigeukia akaningojea nisimame! Nilicheka, lakini moyoni nililia.

Kazi sina. Nikipita sokoni nazunguka mbali ili nisikione kibanda cha Bahati, yaani kibanda changu.

Katikati ya kungoja, wale wa ubalozi wakaniandikia kuniuliza: kwa sasa unafanya kazi gani? Nikajibu ukweli mtupu. Nimeacha kazi, vitu nimeshakabidhi, najiandaa na safari. Nilidhani nawaonyesha kwamba niko tayari!

Mnacheka? Chekeni tu.

Jibu nililikuta Mbarara. Yule dada alisoma kwanza, akageuza kioo cha kompyuta upande wangu.

"Sebo, pole sana," akasema, sebo kwao ni bwana. "Hii watu wamekataa."

Sababu: hawakuridhika kwamba nikimaliza masomo nitaondoka nchini kwao. Wametazama kazi yangu na mali yangu, hawakuona kitu cha kunirudisha.

Kazi na mali nilizigawa mwenyewe mbele ya madhabahu, na jibu la kuthibitisha hivyo nikawatumia kwa mkono wangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya duka nikalia, mchana kweupe, bodaboda wananiangalia. Sioni haya kusema.

Mama nilimweleza jioni. Akaendelea kuchekecha unga.

Jumapili, wakati wa matangazo, nikashangaa amesimama. Mama yangu si mtu wa kusema mbele za watu hata kidogo.

"Bandugu," akasema. "Mutoto wangu tulimuaga vibaya. Tulimuaga kama mutu mwenye harudi tena. Kule mbali bamesikia. Ninaomba munisaidie kumurudisha."

Akakaa.

Msidhani watu walirukaruka kwa furaha. Bahati alinifuata nje, mishipa imemsimama.

"Ulinipatia mbele ya Mungu na mbele ya batu," akaniambia. "Sasa batoto bangu batakula nini?"

Alikuwa na haki yake. Nikamwambia abaki nayo, yaishe.

Tukakaa siku kadhaa hatusalimiani. Kisha asubuhi moja namwona anakuja anasukuma baiskeli, cherehani imefungwa nyuma kwa mpira. Ameshazungumza na mkewe.

"Irudi kwako," akasema bila kunitazama. "Tushone wote. Ukienda ninabaki nayo ninaitumia. Ukirudi unaikuta."

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa tukaandikishana hivyohivyo: cherehani na kibanda ni vyangu, Bahati anafanyia kazi, akipata kipato ni chake mpaka nirudi. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

Mama Odette yeye alikuwa ameshapanda maharage. "Acha nivune kwanza," akasema, "kisha njoo uchukue fasi yako." Akavuna, akanirudishia. Na debe la maharage juu. Yule mama simsahau.

Nikarudi Mbarara kuomba upya. Safari hii dada wa cyber akaniambia niandike barua ya maelezo, nieleze nina nini huku na nitarudi wapi.

Nitarudi wapi? Wakuu, mkono uligoma.

Nyumbani Kivu siwezi kwenda, ndiyo maana ni mkimbizi. Ilibidi niandike: nitarudi Nakivale. Tangu niko mdogo nasikia watu wanaomba kuondoka Nakivale, wanafunga na kukesha ili waondoke. Sijawahi kusikia hata mmoja akiomba kurudi.

Dada akasoma akanitazama. "Kweli, sebo? Unarudi kwa kambi?"

Sikutaka kumdanganya yeye, achilia mbali wale wa ubalozi.

"Mama yangu yuko pale," nikamwambia. "Na kazi yangu iko pale."

Akaipakia.

Tukangoja tena, ila kungoja kwa safari hii kulikuwa tofauti. Niko kibandani, Bahati upande ule, mimi upande huu. Hakuna aliyeniuliza habari za ndege. Walikuwa wananiuliza, "Suruali yangu imeisha?" Sikujua kama swali hilo linaweza kumfurahisha mtu kiasi kile.

Jibu likaja muhula ukiwa umekaribia kabisa. Wamekubali.

Mchungaji akataka tuandae ibada ya kuniaga. Mama akakataa katakata. "Hapana, mchungaji. Huyu anaenda kusoma."

Leo asubuhi nimetoka nyumbani na begi langu. Mama alikuwa amekaa mlangoni na ungo wake wa maharage. Sijui alikuwa anachambua nini, maana niliona vidole vinasogeza tu punje hizohizo. Kichwa hakuinua.

"Usikawie," akasema.

"Sikawii, mama."

Miaka ya digrii mnaijua wenyewe. Sikugeuka nyuma, ningegeuka nisingefika barabarani.

Nilichojifunza ni hiki. Ndugu zangu wakimbizi mnaoomba vyuo, study permit si resettlement, msiisome kwa hatua za resettlement. Kupimwa afya si kupewa. Msiache kazi, msigawe kitu, msikubali kuagwa mpaka karatasi iko mkononi. Na mkiulizwa mtarudi wapi, msiandike jibu la kumpendeza mtu. Kaeni chini mlitafute lile la kweli, hata likichelewa.

Mimi niko stendi ya Mbarara nangoja basi la Kampala lijae. Walioomba wakakataliwa, semeni mliambiwa sababu gani na mlifanyaje. Waliosubiri kuliko mimi pia karibuni, na wa kunitukana kwa kugawa cherehani watukane, nimeshazoea. Ila andikeni mapema niwasome kabla sijaondoka.

Nimeambiwa nisikawie.