Fungu Langu Lilipita

Mnisamehe kwa makosa ya herufi na mwandiko mbaya, naandika polepole. Kwa miezi mitano mwalimu alinifundisha kwa simu fungu langu la Torati, nije kulisoma kwa kuimba mbele ya watu katika sinagogi letu hapa Sydney. Kila Sabato ina fungu lake, lisomwalo mara moja kwa mwaka. Sabato ya fungu langu ilipofika, korona ilikuwa imefunga milango. Ilipofunguliwa, nilimwomba mwalimu nilisome lile langu.

“Torati haisubiri korona, mwanangu. Lako limepita. Soma la wiki hii.”

“Hilo silijui, mwalimu. Lile nililikariri tu.”

“Basi, ngoja mwakani.”

Nyumbani mama akasema, “Usinune, baba, mwaka si mbali.”

Nilinuna. Mpaka leo naliimba nikiosha vyombo, na linanichoma. Kama nawe fungu lako lilikupita, niandikie, uniambie ulingojaje.