Nilimdharau Shemeji kwa Sababu ya Namba E

Mwenzenu nimekosa. Tena si kukosea kwa bahati mbaya, nimekosa kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu. Aibu yake nimeipata mchana kweupe kwenye mzunguko wa mnara wa saa, nimevaa suti, tarumbeta mkononi. Nawaandikia huku nacheka, lakini msidanganyike, kuna mahali kicheko kinanikwama.

Mimi ni mtu mzima, nakaa Sakina, na kazi yangu ni matarumbeta. Mkituona Jumamosi juu ya pikapu mbele ya msafara wa harusi, wanaume tumevimba mashavu, yule anayecheza mpaka tai inahamia mgongoni ndiye mimi. Nimewasindikiza mabinti wa watu hapa Arusha mpaka nimepoteza hesabu. Na kila mara nilikuwa najiambia, siku ya binti yangu mji utasimama.

Mji ulisimama kweli. Subirini niwaambie.

Binti yangu nitamwita Glory, si jina lake. Alipochumbiwa nikaamua, pikapu za kukodi basi! Nitanunua yangu mwenyewe. Nilitaka zile kubwa za Kimarekani, usukani kushoto, bodi pana ambayo ngoma kubwa inakaa bila kumkanyaga mtu. Mpya siiwezi, kwa hiyo ni ya mtumba, na ya mtumba lazima uchague mwaka.

Glory akakaa na simu yake jioni nzima, akaja na majibu. "Baba, hizi gari umbo ni lilelile miaka yote, lakini usidanganyike. Zile za kwanza, za 2007 hadi 2009, giaboksi zake zinasumbua, wenye nazo wanalia. Chukua ya 2010 kwenda juu."

"Sawa, mama," nikamwambia.

Laiti ningeishia hapo!

Sasa kuna shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nitamwita Anaeli. Analima nyanya na vitunguu kule karibu na Momela, na alikuwa na pikapu ya aina hiyohiyo niliyokuwa naitafuta. Anaitunza vizuri, oili anabadilisha kabla ya wakati, na akirudi shamba anaiosha kabla hajaoga yeye. Alikuwa anataka kuiuza ili anunue lori dogo. Aliposikia natafuta, akashuka nayo mwenyewe mpaka Sakina.

"Shemeji, hii ni ya 2010," akasema, tukiwa tumekaa nje na majirani tunakunywa chai. "Sitaki nimuuzie mtu baki, kesho niione imebeba mkaa. Ichukueni ninyi, imsindikize mpwa wangu."

Mimi nikanyanyuka, nikazunguka nyuma, nikaangalia kibao cha namba. Namba C!

Mnajua ugonjwa wetu sisi. Gari hatuliulizi afya, tunaliuliza herufi ya usajili, kadiri inavyosogea mbele ndivyo tunavyoliona jipya. Namba A ni babu, namba B ni baba, namba C ni mjomba, na mwenye namba E anapishwa hata pa kuegesha. Na mimi kwenye harusi nimeona kwa macho yangu kamati zinavyochungulia vibao kabla ya kuchungulia tarumbeta.

Basi nikafungua mdomo wangu huu. Nikasema mbele ya watu, "Shemeji, mimi nimpeleke binti yangu na namba C? Hii bora ukaoteshee vitunguu!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Anaeli akatabasamu kidogo, akamalizia chai yake, akaaga vizuri na kuondoka. Mke wangu hakunisemesha mpaka kesho yake.

Haukupita muda, dalali mmoja mjini akanionyesha pikapu nyeupe inang'aa kama meno ya mtangazaji. Namba E! "Hii ni 2013, mzee wangu," akasema. Kadi ya gari alikuwa ameishika mkononi, ningeiomba angenipa. Sikuiomba. Macho yangu yalikuwa kwenye ile herufi. Nikalipa pesa niliyoiweka miaka yote ya kupuliza.

Nyumbani ndipo nikaisoma kadi. Mwaka wa kutengenezwa, 2007.

Nikaisoma tena, labda miwani. 2007! Gari limezeeka huko lilikotoka, limeingia nchini juzi, likapewa herufi ya juzi. Nikampigia dalali, akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee, si uliipenda mwenyewe?" Na kweli niliipenda mwenyewe.

Jamani, hapo nilikuwa bado naweza kujiokoa. Ningemwita mke wangu, ningemwita Glory, ningesema nimepigwa. Lakini ningemwangaliaje Anaeli? Yake niliyoitukana ilikuwa imezaliwa miaka mitatu baada ya yangu! Nikaikunja ile kadi, nikaificha kwenye kasha la tarumbeta ambako hakuna anayegusa nyumbani kwangu.

Glory akaja jioni, akaizunguka gari, akapiga makofi. "Ni ya mwaka gani, baba?"

"2013, mama."

Akanikumbatia. Hapo ndipo kicheko kinaponikwama.

Gari lenyewe lilianza kunisemesha mapema. Nikipanda kilima linaunguruma kwa hasira halafu halisogei, kisha linashtuka na kuruka mbele. Dawa niliyoipata ni kuongeza sauti ya redio.

Siku ya harusi ikafika. Ibada ilikuwa kanisani Kijenge, sherehe ukumbini Sakina, na katikati hapo msafara upite mjini, uzunguke mnara wa saa, watu watuone. Anaeli alikuja, kwa sababu mjomba hakosi harusi ya mpwa wake. Alipewa kazi ya kubeba ndafu, yule mbuzi wa sherehe, akakaa mkiani mwa msafara na ile namba C yake. Nilipomwendea kanisani akanipa ncha za vidole. "Habari, Baba Glory," akasema.

Baba Glory! Miaka yote ananiita shemeji. Niliumia, lakini nikajifanya nina haraka.

Dereva akashika usukani, mke wangu akakaa pembeni yake na gauni lake la mikono iliyovimba, sisi tukapanda nyuma kwenye bodi. Tukaanza kupuliza. Yaani siku ile tarumbeta lilikuwa linaimba lenyewe! Glory yuko nyuma yetu kwenye gari la maharusi, nikigeuka namwona anacheka, na mimi machozi yananilengalenga juu ya mashavu yaliyovimba.

Tukaingia mnara wa saa. Raundi ya kwanza safi. Raundi ya pili, katikati kabisa ya mzunguko, nikasikia chini ya miguu yangu kitu kimesema *ngo!*

Gari likaunguruma. Dereva akakanyaga, likaunguruma zaidi. Halikusogea hata unene wa kidole. Nyuma yetu msafara mzima umeziba, honi zinalia kutoka kila barabara.

"Endeleeni kupiga!" nikawaambia wenzangu. "Asiache mtu!"

Tukapiga. Na mji nao ukadhani ndivyo tulivyopanga! Bodaboda wakazima pikipiki, kina mama wakaanza vigelegele, wageni wetu wakashuka kwenye magari wakaanza kucheza barabarani. Trafiki akaja amekunja uso, dada mmoja mrefu, lakini alipofika karibu mabega yakamsaliti, yakaanza kutikisika yenyewe. Glory naye akashuka na shela lake, akacheza. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, nimepona.

Nilikuwa nimemsahau mke wangu.

Katika ukoo wetu wote ni yeye peke yake anayefunga mkanda. Akataka kushuka naye acheze, ule mkanda ukawa umejisokota kwenye mikono ya gauni. Akauvuta ajinasue. Ukaja. Akauvuta tena, ukaja wote, mpaka ule mwisho ambao mtu hauoni maisha yake yote. Huko chini kuna kitambaa kidogo kimeshonewa, kiwanda kinaandika mwaka.

Akatoa kichwa dirishani, mkanda kaushika juu kama nyoka aliyemuua. "Baba Glory! Mbona hapa wameandika 2007?"

Tarumbeta langu likakata. Lingine likakata. Lile kubwa la besi likabaki peke yake, *buu, buu*, mpaka mwenyewe alipoona aibu.

Glory akaja mpaka ubavuni mwa bodi, shela kalikusanya mkononi. Akaniangalia juu. "Baba, ulijua?"

Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, naapa. Nilitaka kusema mkanda ulibadilishwa, waliweka wa gari jingine. Angeniamini! Hicho ndicho kilichoniogopesha, kwamba angeniamini. Na nyuma yake namwona Anaeli anakuja kwa miguu kutoka mkiani.

"Nilijua, mama," nikasema. "Tangu siku ile ile."

Akaliachia shela likaburuta lami. Nimewahi kupigwa na jua, mvua na mawe ya walevi juu ya pikapu, lakini yale macho yake yalinipiga zaidi. Kisha akasema taratibu, "Mimi ningepanda hata namba A, baba. Ningepanda hata toroli, mradi wewe uko mbele unapiga."

Nililia. Mtu mzima, suti, barabarani, nikalia na kamasi.

Anaeli akafika. Akaiangalia namba E yangu, akaniangalia mimi. "Pikapu ninayo," akasema. "Ila mtanisamehe, hii yangu ni ya kuoteshea vitunguu. Suti zitachafuka."

Walioelewa wakaangua kicheko, na wasioelewa wakacheka kwa kufuata. Mimi nikaruka chini, nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti, "Shemeji, nilikudharau mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu. Nisamehe."

Akanitazama. "Panda kwanza," akasema. "Ndafu inapoa."

Wanaume wenye nguvu wakaisukuma namba E mpaka pembeni, trafiki akiongoza. Sisi tukahamia namba C pamoja na ndafu. Mnajua ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, amesimama kwenye sinia na majani mdomoni, ananukia vitunguu saumu. Mpiga besi alimweka katikati ya magoti. Na niwape siri ya kazi yetu, huwezi kupuliza tarumbeta mate yakiwa yanakujaa! Kuanzia mnara wa saa mpaka Sakina tulipiga nyimbo zenye mapovu. Ile gari ikapanda vilima vyote kama haina habari.

Ukumbini wazee wa pande zote wakakaa kidogo kando, wakanitoza faini ya kumdharau shemeji, dume la kondoo, tena nitangaze mwenyewe kwenye kipaza sauti. Nikatangaza. Ukumbi ukafa kwa kicheko. Glory alikuwa wa kwanza kuja kucheza na mimi, na alipokuwa kifuani kwangu akaninong'oneza, "Usinidanganye tena, baba." Hajasema tena jambo hilo. Mimi ndiye ninayelisikia.

Hasara yangu? Namba E ilivutwa mpaka nyumbani, imesimama uani mpaka leo, giaboksi imekufa na mimi nimeishiwa. Anaeli alighairi kuuza ya kwake. Sasa ndiye anayetubeba kwenye harusi, ameshona na sare, na watu wakitupigia simu kutukodi wanasema, "Tunaomba ile pikapu ya vitunguu." Zamani nilikuwa kiongozi wa kikundi. Siku hizi ni mpigaji tu, na bosi ni shemeji.

Na mke wangu? Asubuhi moja nimeamka namkuta juu ya bodi ya namba E, viatu amevua, anamwaga udongo na mbolea ya ng'ombe. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Napanda vitunguu. Si ulikuwa unatafuta gari ya kazi hiyo?"

Ndugu zangu mnaotafuta magari, nawasihi. Ile herufi inakwambia gari limefika lini kwetu, haikwambii limezaliwa lini. Isome kadi kabla hujatoa pesa. Vuta mkanda mpaka mwisho. Na kama umeshapigwa, sema nimepigwa siku hiyohiyo, ungali nyumbani kwako umevaa kandambili, usingoje kuyasema kwenye mnara wa saa. Na shemeji akikuletea kitu kizuri kwa moyo mweupe, kunywa naye chai, funga mdomo.

Jumapili iliyopita Glory na mumewe walikuja kula, Anaeli naye akaja. Mke wangu akanituma vitunguu vya kachumbari. Nikapanda juu ya pikapu yangu, nikainama nachuma, wote wananiangalia kutoka barazani.

"Shemeji!" Anaeli akaniita, sahani mkononi. "Hiyo gari yako ni ya mwaka gani?"

Nikasimama wima na vitunguu vyangu. "2007!" nikajibu, kwa sauti ambayo majirani wote wa Sakina waliisikia.