Usingizi wa Baba Mchana

Enzi zetu, wenzangu mliokulia katika nyumba za kupanga hapa Likasi, mtoto alijifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kusoma. Mnajua ninachosema. Lupango mmoja, yaani ua mmoja wenye milango kama ya mabweni, bomba moja la maji katikati, choo kimoja nyuma, na mwenye nyumba anayekaa Lubumbashi ambaye tulimjua kwa jina tu. Asubuhi moshi wa mbabula, yale majiko ya makaa, ulitanda mbele ya kila mlango, na harufu ya vitumbula vikikaangwa kwa jirani ilitutoa kitandani kabla mama hajatuita.

Baba alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha shaba, mbele ya tanuru. Alirudi jua likichomoza, kwa miguu au nyuma ya baiskeli ya mwenzake, akanawa, akala bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, akalala mpaka saa sita mchana. Saa hizo hazikuguswa. Mama alikuwa na neno lake ambalo hata leo nalisikia masikioni: "Baba yenu iko analala. Mukitaka kulia, muende kulia ku barabara!" Na kweli, kaka yangu aliwahi kuanguka, akajishika goti, akatembea kwanza hadi barabarani, ndipo akapiga yowe.

Basi tukawa na michezo yetu ya kimya. Kyela, mchezo wa kurusha na kudaka vijiwe, tulicheza juu ya kipande cha kitambaa ili vijiwe visigonge sakafu. Nzango, mchezo ambao bila makofi na nyimbo si kitu, tulicheza kwa kuchezesha midomo tu, miguu peku, mikono ikikaribiana bila kugusana. Mgeni aliyepita langoni alidhani amefika kwenye nyumba ya mabubu. Nawaambia, tulicheka mpaka mbavu zinauma, na hakuna sauti iliyotoka. Watoto wa leo ukiwaomba wapunguze sauti ya simu kidogo wanakuuliza kama unaumwa.

Kisha akaja fundi Mumba. Alipanga chumba kilichogusana ukuta na chetu, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vipaza sauti, vile vikubwa vya mabaa na vya makanisa. Na kipaza sauti, lazima ukijaribu ujue kama kimepona. Alianza kujaribu mara tu alipomaliza chai, akaendelea mpaka jua linageuka. Leo rumba ya baa, kesho kwaya ya kanisa. Hatukujua kama tucheze au tutubu. Vikombe vya mama vilitetemeka kabatini, na baba, nyuma ya pazia, alikuwa amekodolea macho dari.

Mama alikwenda kwa adabu, na sahani ya vitumbula mkononi. Fundi alipokea sahani, akamjibu: "Mama, minye pia natafuta bukari. Bwana yako anatumika usiku, minye natumika mchana. Nifanye namna gani?" Mama akarudi mikono mitupu, maana jibu hilo lilikuwa la haki. Baba alipokwenda yeye mwenyewe, nusura washikane mashati. Mwenye nyumba alituma ujumbe kutoka Lubumbashi kwamba wapangaji wapatane. Mwishowe mama na wenzake wa kikundi cha maombi wakafunga na kuomba umeme ukatike. Ukakatika! Kulikuwa na hitilafu huko Mwadingusha, kwenye bwawa la umeme, mji mzima ulilaani giza, na sisi peke yetu tuliimba haleluya. Fundi Mumba akatoka, akarudi na betri ya gari begani.

Wiki hiyo baba alirudi nyumbani na mkono umefungwa bandeji. Alikuwa amesinzia akiwa wima, hatua chache kutoka kwenye shaba iliyoyeyuka, cheche zikamchoma mkono, na mwenzake akamvuta kwa kola. Mkubwa wa zamu alimwambia akisinzia tena abaki nyumbani. Mama alisikiliza yote, kisha akaanza kufunga vyombo kwenye katoni, ingawa hatukuwa na pa kwenda. Mimi sikuogopa kuhama. Niliogopa kwamba siku moja yule mwenzake hatakuwapo wa kumvuta. Niliogopa hivyo kila jioni baba alipochukua kofia yake.

Sasa niwaambie habari za Kambo Chola; kambo kwetu ni bibi. Alikuwa mjane wa mlango wa mwisho, muuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Msidhani alikuwa bibi wa busara. Alikuwa mgomvi, mwenye ulimi wa pilipili, na sisi watoto tulimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Asubuhi moja fundi Mumba alisogeza ndoo ya Kambo pale bombani ili atangulize ya kwake. Kambo akamrushia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Fundi naye akapandwa na hasira, akajipiga kifua.

"Kambo, hapana kunicheza! Minye niko mutoto wa Bena Mbushi!"

Yaani, mtu wa ukoo wa Mbuzi. Kambo alimtazama fundi kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia bomba asianguke.

"Bena Mbushi? Minye niko wa Bena Ngo! Kumbe nyama yangu iko inalala mu lupango yangu, na hakuna muntu aliniambia!"

Ngo ni chui. Nyinyi wa rika langu mmeshaelewa, vijana niwaeleze. Koo hizo mbili zina utani wa kurithi, tunauita bunungwe. Chui anaweza kumtukana Mbuzi, akamchukulia kitu chake mchana kweupe, akamwambia ukweli ambao baba yake mzazi angeogopa kumwambia. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Fundi alilijua hilo tangu tumboni mwa mama yake. Nilimwona hasira ikimtoka usoni, mabega yakashuka, na akatabasamu kwa shida. "Chui gani weye," akasema, "hauna hata meno!"

Kambo hakumngoja amalize. Aliingia chumbani mwa fundi, akachomoa waya wa umeme na ule wa betri, akajivika shingoni kama mkufu wa arusi, akatoka.

"Ule mwanaume mwenye kulala pale, ni mutoto yangu. Jua ikifika katikati, kuya kuomba waya yako. Kisha upige kelele mpaka mangaribi!"

Hakuwa ndugu yetu hata wa mbali. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi alivaa waya zile na kwenda nazo sokoni pamoja na madumu yake, na kila adhuhuri fundi alimngoja langoni, wakatukanana kwa raha zao. Fundi alipanga upya kazi: asubuhi kuchomelea kwa utulivu, mchana kujaribu. Wateja hawakumkimbia, wala yeye hakuhama.

Asubuhi ile ya kwanza sote tulisimama uani tukisikiliza. Kimya. Kisha, nyuma ya pazia, baba akaanza kukoroma. Mama aliketi juu ya katoni ya vyombo, akafunika uso kwa kitenge, akacheka huku machozi yakimtiririka.

Siku hizi mpwa wangu amepanga mjini, na jirani yake ana spika ya kutetemesha bati. Nikamuuliza jirani anaitwa nani. "Sijui, tantini. Mu simu nilimuandika Jirani Kelele." Wanatenganishwa na ukuta mmoja, wanatumiana ujumbe wenye sura za hasira, na mwezi ujao wataitana polisi. Nikamuuliza kama yeye anajua ukoo wake. Akashika simu autafute humo.

Nacheka, lakini roho inaniuma. Baba yangu alifanya zamu zake zote mpaka akastaafu, na si wote waliosimama naye mbele ya tanuru lile waliofika huko. Sasa anakaa kwangu. Jana nilimkuta kibarazani akimmenyea mjukuu wake muwa, kwa mikono yake yote miwili, nikasimama mlangoni, nikashusha pumzi.