Wanataka Niape Kwamba Maji Hayakati

Admin, nifichie jina, ingawa watu wa Garissa wakisoma hadi katikati watanijua kwa kidole. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, na mtoto huyo anataka kuoa. Kinachozuia ndoa yake ni maneno niliyosema mimi miaka ya tisini. Wengine mtacheka. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Ukame wa mwanzoni mwa miaka ile ulituachia mbuzi wachache waliokonda. Aabo, yaani baba yangu, alinituma kwa mdomo wake mwenyewe niende kwa shangazi Eastleigh nikatafute kazi. Nikaipata, kiwanda cha samaki. Kama wewe si wa kwetu, elewa hivi: mfugaji wa Kisomali wa zamani hakumhesabu samaki kuwa chakula. Mto Tana unapita hapo hapo mjini, na bado wazee walimwambia mla samaki, "Usinisemeshe na huo mdomo." Kwa hiyo Aabo aliwaambia watu kwamba nauza nguo Nairobi. Lakini mbuzi walionunuliwa kwa mshahara wa samaki aliwapokea, na maziwa yao akanywa.

Kiwandani niliwekwa kwenye mashine isiyo na kisu. Pampu ilisukuma maji kwa nguvu ya ajabu mpaka yakatoka kwenye tundu dogo kuliko la sindano, membamba kama uzi. Mnofu wa samaki ulipita chini yake juu ya mkanda, maji yakakata pande zote mbili za mstari wa miba, miba ikatoka na kipande chembamba, nyama ikabaki safi. Siku ya kwanza nilisema Subhanallah. Mimi niliyekua nikipigania maji ya matope kisimani, leo naona maji yanafanya kazi ya kisu! Niliipenda kazi ile, siwafichi.

Halafu siku moja kipande cha samaki kikakwama, nikaingiza mkono kabla pampu haijazimwa. Hata maumivu sikuyasikia mwanzoni. Niliona tu glavu imefunguka, na ncha ya kidole changu cha mwisho, mkono wa kulia, haipo.

Wakati huo kulikuwa na kijana aliyenipenda, nami nilimpenda sana. Kidonda kilipopona nikarudi Garissa, na baba yake akaja kutoka Diff na wazee wenzake kuniposa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikipanga chai na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaangwa ikahifadhiwa kwa samli. Nilipopeleka sinia, mzee akauona mkono wangu.

"Wewe msichana, hii kidole imeenda wapi?"

Aabo alinikazia macho. Alitaka nisingizie mlango wa gari. Nikamjibu kwa heshima, kama ami yangu, "Adeer, nilikuwa nakata samaki kiwandani. Maji ndiyo ilinikata."

Nilidhani watakasirikia samaki. Wapi! Huyo samaki wazee walimmeza kimya kimya. Kilichowakwama kooni ni maji.

"Maji?" Mzee akaweka kikombe chini. "Wallahi mimi nimezeeka Diff. Ngamia yangu inangoja maji kwa kisima siku mzima. Hakuna mtu maji imekata, hakuna mbuzi maji imekata."

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha akasema neno ambalo sijalisamehe hadi leo: "Mkono ya kulia ikikatwa, sisi tunajua nani huwa anakatwa."

Yaani mwizi. Mbele ya baba yangu! Na Aabo akanyamaza. Akanyamaza, jamani. Nikamwambia yule mzee, "Adeer, mimi si mwizi, na si mwongo. Wewe hujaona tu." Posa ikafia hapo. Msichana amemjibu mzee kikaoni, dunia imekwisha! Sokoni wakaniita mwizi wa samaki kwa miaka. Yule kijana hakuja hata kuniuliza.

Baadaye niliolewa na dereva wa lori la Liboi. Nilipomweleza habari ya kidole aliuliza jambo moja tu: "Iliuma?" Allah amrehemu.

Sasa mwanangu, kati ya wasichana wote wa Garissa, amempenda mjukuu wa mzee yule yule. Mzee bado yu hai, na amekubali kila kitu kwa sharti moja: niende mbele ya wazee niape kwamba siku ile nilidanganya. Mwanangu alimwonyesha video kwenye simu, maji yakikata samaki, yakikata hata chuma. Mzee akatazama, akarudisha simu. "Hiyo ni simu inafanya."

Ndugu zangu wote wananisukuma. Mwanangu amenililia: "Hooyo, ni neno moja tu. Sema, tumalize." Tangu Ijumaa hasemi nami, na nyumba imekuwa baridi.

Kumjibu mzee mbele ya watu, hilo nitaomba radhi, hata sinia nitampelekea tena kwa mikono miwili. Lakini kuapa kwamba nilidanganya? Hapana. Siku nitakayoapa hivyo, nimekubali wizi, na wajukuu wangu watazaliwa wakiwa na bibi mwizi.

Nishaurini, nifanye nini, nimpoteze mwanangu au nilipoteze jina langu? Na wewe unayetaka kuandika hapo chini "sema tu samahani mama", nijibu kwanza: nikishaapa kwamba maji hayakati, wakaniuliza basi kidole kilienda wapi, niwaambie nini?